Ngamani



Hapana shaka wengi wenu mmepata kuiandika ubaoni methali isemayo kwamba aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huiandika, kisha tukaieleza: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini, tumboni mwa chombo, ambapo maji yanayoingia hukusanyika. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, nasi tukaenda zetu. Sisi tunaoandika makala haya tuliifundisha methali hiyo kwa miaka minne kabla ya kuketi ngamani wenyewe. Na usiku tulipoketi, maji yakatufika vifundoni, hatukujua la kutenda. Habari ya usiku huo ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Tulikuwa watatu: ndugu wawili wa tumbo moja na rafiki yetu, sote tukifundisha Kiswahili masomo ya jioni mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura. Kila mwaka, kiangazi kilipofika na masomo kufungwa, tulikuwa na desturi ya kushuka Rumonge kwa mjomba wetu, ndugu wa mama, aliyekuwa mvuvi. Safari ni ya kilomita 75 hivi, na barabara yaifuata Tanganyika mwendo wote: Kabezi, Magara, Minago, milima mkono wa kushoto na ziwa mkono wa kulia. Ng'ambo ya pili, siku hewa ikiwa safi, huonekana milima ya Kongo na rasi ya Ubwari. Tulibeba sukari, chumvi na kitambaa cha mkaza mjomba, na tulirudi na magunia madogo ya ndagala wakavu na madumu ya mawese. Hakuna safari tuliyoipenda kuliko hiyo.

Rumonge ni mji uliozoea Kiswahili kwa muda mrefu, kwa ajili ya biashara ya ziwani. Mjomba alikisema tangu utotoni, na wazee wake walikuwa wametoka upande wa Ujiji. Lakini hakuwahi kukaa darasani, na Kiswahili chake hakikufuata vitabu vyetu. Alisema "samaki zinakuja", alisema "ndagala zinapanda", nasi, kwa bidii ya watu waliokabidhiwa lugha, tulimsahihisha. Hata mezani tulimsahihisha. Yeye hakukasirika. Alikuwa akijibu, "Haya, walimu wangu, wanakuja," kisha akaendelea kama alivyozoea.

Likizo ya Julai mwaka 1987 tuliomba kwenda naye kuvua. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tusubiri giza. Ndagala, ambaye Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi huipokonya taa nguvu yake. Kwa hiyo wavuvi hulala siku za mwezi mpevu, wakashona nyavu zao, na kazi hurudi mwezi unapofifia. Tulisubiri siku tano. Usiku wa sita tukaingia majini.

Chombo chake kilikuwa mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti, wavu mpana ukishushwa katikati yake, na taa za karabai zikining'inizwa juu ya maji. Mjomba alikuwa na wavuvi wawili wa kuajiriwa katika mtumbwi wa kushoto. Sisi watatu tuliwekwa katika mtumbwi wa kulia pamoja na kitinda mimba wake, mtoto wa miaka 12, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia taa. Tulipiga makasia hadi mataa ya mji yakawa nukta. Tuliuliza mbona hatutii nanga. Mjomba akacheka. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 penye kina kikubwa kabisa, na mara nyingi mtu huondoka ufukoni kidogo tu akawa hana tena chini ya kushika.

Taa ziliwashwa, wavu ukashushwa, tukangoja. Mjomba alitueleza mambo ambayo hatukuyapata katika kitabu chochote. Vijidudu vidogo vya majini hupanda usiku. Ndagala huvifuata kwa kuvila. Na nyuma ya ndagala huja mukeke, yule ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, akiwinda. "Kila mmoja anapanda kwa njaa yake," alisema, "na sisi tuko juu na yetu." Baadaye maji chini ya taa yakaanza kumetameta kama bati jipya. Mjomba akainama, akanong'ona:

"Zinapanda."

"Wanapanda, mjomba," tukasema.

"Haya, wanapanda. Shikeni kamba."

Upepo wa kusini ulitujia wavu ukiwa umepanda nusu. Haukuja kwa hatua. Kwanza taa ziliyumba, kisha mawimbi yakaanza kupiga ubavu wa mtumbwi wetu na kumwagika ndani. Wavu uliojaa ulivuta chini. Maji yaliyoingia yalivuta chini vilevile. Na upande wetu ukaanza kuzama kuliko upande wa pili. Mjomba, mikono yote miwili ikiwa kambani, alitupigia kelele:

"Fueni maji! Fueni!"

Tukatazamana. Sisi tulijua kwamba dobi hufua nguo, na mhunzi hufua chuma. Maji yangefuliwa vipi? Mmoja wetu, na hatutamtaja kwa kuwa wote watatu tulifikiri jambo lile lile, akafungua kinywa akasema:

"Mjomba, nguo ndizo hufuliwa."

Tumeyakumbuka maneno hayo kwa miaka mingi, na hayajapungua aibu yake hata kidogo.

Aliyeelewa ni mtoto. Aliacha taa yake, akaruka ngamani katikati ya miguu yetu, akaokota kopo la mafuta lililokatwa mdomo, akaanza kuyatupa maji nje. Ndipo tulipofahamu. Lakini wimbi lililofuata lilitukuta sote tumeinama upande mmoja. Karabai moja ikaanguka, ikapasuka na kuzimika majini, mtumbwi ukalala, na mtoto, aliyekuwa mwepesi kuliko sote, akatoka nje pamoja na kopo lake.

Mjomba hakusema neno. Aliitoa kisu kiunoni akakata kamba mbili za wavu upande wake, akawapigia kelele wenzake wakate za upande wa pili. Chombo kilipopungukiwa na ule uzito kikainuka mara moja. Kisha akaunyosha mpini wa kasia gizani, mahali ambapo sisi hatukuona kitu, na mtoto akaushika. Wavu ukashuka na samaki wake wote. Mpaka leo uko huko chini.

Tulifua maji usiku kucha, kwa kopo la pili, kwa sufuria ya chai na kwa viganja. Alfajiri upepo ulilegea, tukapiga makasia kurudi bila hata ndagala mmoja.

Mkaza mjomba alikuwa ufukoni na wanawake wengine, wametandaza mchanga safi wa kuanikia. Alitazama chombo, akatazama mahali pa wavu, akamhesabu mwanawe na sisi. Hakuuliza. Nyumbani alitupikia ugali wa muhogo na maharagwe ya mawese, akatukaribisha kama siku zote. Ni jirani aliyetuambia, tulipokuwa tukichota maji kisimani, kwamba wavu ule ulinunuliwa kwa mkopo wa mfanyabiashara, na kwamba deni lilikuwa limelipwa chini ya nusu. Laiti tungalianza kufua maji mara tuliposikia amri, mtumbwi ungalibaki juu, na wavu ungaliweza kuvutwa. Mjomba hakutuambia hivyo. Tulipomtaka radhi alisema, "Wavu hununuliwa." Lakini yeye hakuwa na fedha za kuununua.

Tulirudi mjini, tukaafikiana. Kwa miezi 14 kila mmoja wetu alitenga sehemu ya mshahara wake, na mwisho wa kila mwezi mmoja alikwenda Rumonge kuikabidhi. Fedha alizipokea mkaza mjomba. Alizihesabu mbele yetu kila mara, akazifunga kwenye pindo la kanga. Tunamshukuru kwa kuzihesabu. Angezikataa kwa heshima, tungalibaki na deni ambalo halilipiki. Mwezi wa 14 alipomaliza kuhesabu alisema, "Sasa njooni mvue tena."

Jambo jingine tulilofanya tuliporudi mjini lilikuwa kufungua kamusi. Tulidhani tutakuta kwamba mjomba alitumia neno la kienyeji, la ziwani tu. Hatukukuta hivyo. Chini ya neno "fua", baada ya nguo na chuma, ilikuwepo maana ya kutoa maji chomboni. Neno lilikuwa sanifu. Lilikuwamo katika kitabu kilichokaa juu ya meza yetu miaka yote minne, nasi hatukufika mstari ule. Mwenye kukosea upatanisho wa ngeli ndiye aliyekuwa na neno, na wenye kusahihisha upatanisho ndio waliokuwa hawana.

Wenzetu wasitufahamu vibaya. Hatusemi kanuni za sarufi zifutwe. Mpaka leo tunafundisha kwamba ndagala wanapanda, na mwanafunzi anayeandika zinapanda hukosa alama. Tunachosema ni kwamba siku zile tulimsikiliza mjomba kwa sikio la kutafuta makosa, na sikio la namna hiyo halipokei amri. Linapokea sentensi, likaipima, na wakati linapima, maji yanaingia.

Tulikwenda tena, mwaka baada ya mwaka, hadi vita vilipozuka Burundi mwaka 1993. Jamaa zetu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, mjomba na watu wake wakiwa miongoni mwao, na ziwa ambalo kwetu lilikuwa la likizo likawa njia ya kuokoa roho. Walirejea baadaye. Mjomba alifariki mwaka 2009, mkaza mjomba miaka mitatu nyuma yake. Yule mtoto aliyeshika mpini wa kasia sasa ni mtu mzima mwenye chombo chake. Karabai hazipo tena chomboni mwake. Anatumia taa za betri, ambazo hazipasuki wala hazinuki mafuta.

Yeye ndiye anayetuambia kwamba samaki wamepungua, na wataalamu wanaafikiana naye. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto zaidi, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vyema na maji ya chini. Rutuba ya ziwa hilo imelala vilindini, mahali pasipo na hewa, ambapo samaki hawawezi kuishi. Kinachoipandisha ni upepo wa kiangazi, ule wa kusini, unaoyakoroga maji. Vijidudu vikapata chakula, ndagala wakapata vijidudu. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto, upepo hukoroga pasipo kufika chini. Tuliposoma habari hizo tulitazamana kwa mara nyingine. Upepo ulioutwaa wavu wa mjomba ndio uliokuwa ukiujaza.

Tena nyavu zimekuwa nyingi kuliko zamani. Nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zinaishi kwa ziwa moja, na mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Tulimwuliza binamu yetu anaonaje mambo hayo. Akajibu, "Kupumzisha ziwa ni vizuri. Lakini tumbo halipumziki. Watuulize na sisi." Hatukusahihisha neno lolote, kwanza kwa kuwa halikuwamo kosa, na pili kwa kuwa tulikuwa tunasikiliza.

Siku hizi, tunapofika kwenye methali ya tezi na omo, hatuanzi na ubao. Tunaweka mezani kopo la mafuta lililokatwa mdomo, tukawauliza wanafunzi kitu hicho ni cha kazi gani. Wapo wasemao ni cha kupimia mchele, wapo wasemao ni cha kumwagilia bustani. Lakini mara kwa mara hutokea mwanafunzi wa nyuma, mtoto wa pwani ya ziwa, ambaye insha zake hujaa wino mwekundu, akainua mkono akasema, "Mwalimu, hilo ni la kufulia maji."

Huyo tunamwita mbele, tukakaa kwenye dawati lake, naye akafundisha.