Dumu la Maji

Nilikwenda Misali kutafuta hazina. Usicheke, msomaji. Nilikuwa na miaka kumi na sita, likizo imeanza, na nilikuwa nimekisoma Kisiwa Chenye Hazina mara tatu, nakala isiyo na jalada. Tena barazani kwetu wazee walikuwa wakisema kwamba haramia Kidd, yule aliyenyongwa London mwaka 1701, alifukia mali yake Misali. Ushahidi hakuna, lakini mtoto wa miaka kumi na sita ushahidi wa nini? Nikamganda mjomba hata akakubali kunichukua dago.

Dago, kwa asiyejua, ni kambi ya wavuvi. Misali hakai mtu. Wavuvi huenda wakalala siku tatu nne, wakavua, wakarudi makwao. Wazee husema Nabii Hadhara alitaka kusali pale, akakosa msala, akasema kisiwa chenyewe ni mfano wa msala. Ndipo likatoka jina.

Tulitoka Wesha alfajiri na ngalawa ya mjomba, upepo wa kusi ukitupiga ubavuni. Yeye ameshika usukani, mimi nafua maji kwa upo mpaka mikono ikafa ganzi. Kisiwa kilianza kama uzi wa kijani, kisha ukatokea mchanga mweupe wa kuumiza macho. Tukashusha mishipi, sufuria, mchele na madumu mawili ya maji.

"Kisima chetu ndicho hicho," mjomba akasema. "Huku hakuna kingine."

Siku ya pili, mjomba yuko baharini, nikachukua panga nikakizunguka kisiwa kizima. Hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Niliona popo wamening'inia mitini kama matambara, na alama za kasa aliyepanda usiku kutaga. Hazina, wapi! Nikarudi nimejaa chumvi na jasho. Nikanywa, nikanawa uso, nikanawa shingo, nikaona raha, nikanawa na miguu. Kisha nikalala kivulini.

Nilipoamka, dumu lilikuwa limelala kama mimi, kifuniko kando. Mchanga ulikuwa mkavu, kana kwamba haukupata kuonja tone. Dumu la pili lilikwisha fika nusu.

Mjomba alirudi magharibi. Akaliinua dumu, akalitikisa, akaliweka chini. Hakusema kitu. Bora angenichapa.

Usiku ule kusi ikachacha. Asubuhi tukajaribu kurudi, lakini kurudi si kama kwenda. Ilikuwa bisho tupu, upepo usoni. Tulikata huku, tukakata kule, tanga likaanza kuchanika, mjomba akageuza. Tulipofika pwani akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Upepo huu tungeungoja hata wiki, lau tungekuwa na maji."

Jioni ya siku iliyofuata tulibakiwa na vikombe viwili. Mjomba akanipa dumu tupu.

"Nenda dago la upande wa pili. Nenda wewe."

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Upepo ulilisukuma. Hapana, lilitoboka. Hapana, aliliangusha kaa. Nilipofika nikapiga hodi. Walikuwa watu sita, siwajui, wa kusini huko. Mzee mmoja alikuwa akipasua samaki. Nikamwamkia, nikamwambia tumeishiwa maji.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Wawili."

Hilo tu. Akanawa mikono baharini, akaanza kunimiminia kwa kata, na mimi naliona dumu lake likishuka, likapita nusu. Uongo wangu wote ukabaki mdomoni, hapana aliyeutaka. Aliponikabidhi, akasema bila kunitazama: "Kifuniko ukaze, mjukuu wangu."

Siku ya tatu kusi ikalegea. Kabla ya kuondoka mjomba akaipeleka ngalawa kwanza kwenye lile dago, akawaachia mchele wote uliobaki. Yule mzee akaupokea bila kuutazama, wakaagana kwa salamu fupi kama watu wanaoonana kila siku. Mjomba hakuwa akimjua.

Mwaka 1998 Misali ikatangazwa hifadhi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Wageni huenda kwa boti za mashine, wakarudi wakisifu kisiwa kisicho na mtu. Nawasikia, nanyamaza.

Mjomba amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Mpaka anaingia kaburini hakumwambia mama yangu wala mtu yeyote habari ya dumu lile. Mimi nakaa Unguja, mjini, maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Kila usiku kabla ya kulala napita jikoni kukaza vifuniko vya madumu. Mke wangu huniuliza nina nini. Leo ndiyo nimemsomea haya.