Upande wa Kushoto

Nilipohamia Kampala kutoka Mombasa, cherehani yangu niliiweka katika chumba kimoja chini ya kilima cha Nakasero, karibu na soko. Nilishona sare za shule na magauni ya harusi ya gomesi. Mwanamke mmoja ndiye aliyenitoa huko. Aliingia na furushi la magome ya mti wa mutuba yaliyopondwa kuwa kitambaa, akauliza kama sindano yangu inaweza kupita humo bila kuyachana.

Alikuwa mbunifu wa mavazi ya jukwaani. Alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyoasisiwa na Margaret Trowell miaka ya 1930. Aliniita Fundi, nami nikamwita Nnyabo, yaani Bibi kwa Kiganda, hata baada ya kuwa mashoga wa kula sahani moja.

Magome hayana mtande wala mshindio. Ukishona hatua za karibu karibu, yanachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Tulijifunza pamoja: sindano nene, hatua ndefu, bitana ya marekani nyuma. Waganda huyavaa kwenye sherehe za jadi na huwasitiria maiti, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya kuyatengeneza kuwa urithi wa binadamu. Yeye alichukia kuyaona yakiishia makaburini na kwenye maduka ya watalii. Alitaka yacheze, yatoke jasho. Ndiye aliyenieleza kwamba mti ukishabanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba hadi gome jipya liote, na mwaka unaofuata huvunwa tena. Mavazi yetu yalipanda jukwaa la National Theatre, jengo la mwaka 1959 lililo chini ya kilima hicho hicho. Jumapili alinipandisha hadi Nommo Gallery, akanisimamisha mbele ya picha moja tu, mpaka niseme ninachoona.

Mwili wake ndio uliokuwa kielelezo chetu, na vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani. Siku moja tukijaribisha blauzi akasema, “Fundi, usinibane kushoto.” Nikamuuliza kwa nini. Kuna kivimbe kigumu, akasema, lakini hakiumi. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni, na Uganda wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wake ulikuwa umeshaingia kwapani.

Alikatwa titi. Dawa za dripu alitiwa Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani iliyoanzishwa 1967. Kisha, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ikafa. Wenye jamaa au nauli walikwenda Nairobi. Wengine walibaki nyumbani wakisubiri. Ninaandika haya nikiwa bado na uchungu. Yeye alipanda basi la kupitia Busia, mapajani ameweka kanzu ya mchezo aliyokuwa akiitarizi kwa mkono.

Aliporudi alisimama mbele ya kioo changu, akavua shali. “Patani imebadilika, Fundi. Kata nyingine.”

Tukaanza kushona titi. Pamba peke yake ni nyepesi: gauni hupanda upande mmoja na bega huinuka. Tukashona kifuko cha marekani, tukatia mtama ndani na pamba kuuzunguka, tukapunguza na kuongeza punje hadi mabega yakakaa sawa. Sijawahi kushona kitu kwa makini namna ile. Akaanza kuniletea wanawake aliolala nao wodini, wanene kwa wembamba, vijana kwa mabibi. Hakuruhusu yeyote atozwe senti, wala yeyote aitwe masikini mbele yake. Kila kifuko alikitarizi ua dogo upande wa ndani, ambako hakuna atakayeliona ila mwenyewe.

Alifariki kabla ya mashine mpya ya mionzi kuzinduliwa Januari 2018.

Vifuko naendelea kuvishona, ingawa maua yangu hayafikii yake. Na vijana ninaowafundisha nimewawekea sharti: mwanamke akisema usinibane hapa, weka futi chini, muulize kwa nini. Wavulana wanaona haya. Waone, lakini waulize.