Mikarafuu Ilipandwa na Nani?

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, ukoo wetu hapa Maskati hukumbushana yaliyotupata Unguja mwaka 1964. Mwaka huu simu zetu zilijaa tena picha za majumba na mashamba yaliyotwaliwa, na nyumbani kwa ami yangu mazungumzo yalikuwa yale yale.

Binti yangu alikuwa akisoma kitabu cha Profesa Abdul Sheriff, kilichotoka mwaka 1987, juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu katika Zanzibar. Humo imeelezwa jinsi uchumi wa karafuu wa karne ya 19 ulivyosimama juu ya kazi ya watumwa. Akamwuliza ami kwa adabu: "Babu, mikarafuu ya wazee wetu ilipandwa na nani?"

Baraza likanyamaza. Nilidhani ami atakasirika. Badala yake aliitazama shajara ya nasaba iliyotundikwa ukutani, ambamo wametajwa wanaume watupu. "Bibi aliyemzaa baba yangu alikuwa suria," alisema. "Ndiye aliyenilea. Kwao wapi, sikupata kumwuliza."

Msiba wa 1964 ni wa kweli, nasi tungali na makaburi tusiyoyajua. Lakini tumezoea kuianza hadithi yetu siku tuliyodhulumiwa.

Usiku ule tuliliandika jina la bibi yule katika shajara, na pale panapostahili jina la baba yake tukaacha nafasi wazi. Wapendwa jamaa, zitazameni na shajara zenu.