Bibi Hepburn Katika Msitu Wetu

Sisi wa Lubunga twampenda mwigizaji Katharine Hepburn, aliyepata tuzo ya Oscar mara 4, kwa sababu yetu wenyewe. Mwaka 1951 alikuja kuigiza senema ya The African Queen karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, inakoishia reli ianzayo hapa kwetu. Aliugua sana tumbo kwa maji machafu, wala hakuiacha kazi. Mwaka 1987 alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Mashua nayo yatunzwa Key Largo, Marekani. Je, watu wa kwetu waliowajengea wageni kambi, nani atunzaye majina yao? Enyi wanafunzi, waulizeni wazee waliyoyasikia kwa baba zao, mkayaandike.