Mashine kwa Mashine

Mtu hupimwa kwa vitu anavyovitamani kabla ya kupimwa kwa vitu anavyovimiliki. Mimi nilipimwa kwa kipimo hicho siku nilipokwenda kununua kompyuta, nikaonekana mwepesi. Habari yenyewe ni ndogo, walakini nimeona si vibaya kuiandika, kwa sababu vijana wengi wa visiwani wanapita njia niliyoipita, na baadhi yao wanaipita usiku bila ya taa.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Mkokotoni. Alipofariki alituachia mashua kuukuu na mashine yake. Mashua ilikuwa imekwisha kuliwa na maji, lakini mashine ilikuwa nzima. Tuliiuza kwa shilingi 1,800,000, tukagawana kwa sheria. Kisha mama na dada zangu wawili wakanirudishia mafungu yao mkononi, ili niwafanyie biashara, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Niliwaambia kuwa nitanunua kompyuta, na kwayo nitafanya uchuuzi wa kutwa katika masoko ya fedha ya ulimwengu.

Mama alinitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, mashine ya baba yako ilikuwa ikituletea samaki. Hiyo yako itatuletea nini?"

Nilimjibu, "Itatuletea fedha, mama."

Akauliza, "Fedha ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka, kama wanavyocheka watu waliosoma wanapoulizwa jambo wasilolijua.

Uchuuzi wa kutwa si jambo geni kwa mtu aliyezaliwa karibu na diko. Vyombo vinapofika pwani, samaki hunadiwa. Mchuuzi hununua asubuhi, naye hana budi kuuza kabla ya jua kuchwa, maana samaki hangoji kesho. Mchuuzi wa masoko ya fedha hufanya mfano wa hayo. Hununua hisa au sarafu ya kigeni, akaiuza siku hiyo hiyo, akitaraji kupata tofauti ndogo ya bei. Hulala hana kitu mkononi ila faida yake au hasara yake. Niliona kuwa kazi hii ninaifahamu tangu utoto, na kwamba nilichokosa ni chombo tu.

Basi nilikwenda mjini, nikaingia katika duka moja la kompyuta karibu na Darajani. Muuzaji alinionyesha kompyuta ya mezani yenye ubavu wa kioo na taa za rangi ndani yake, kadi kubwa ya picha, na skrini tatu. Alisema kuwa wachuuzi wakubwa wa Ulaya hukaa mbele ya skrini sita. Bei yake ilizidi fedha niliyokuwa nayo, lakini alikuwa radhi nilipe iliyobaki kidogo kidogo. Nakiri kuwa nilikaribia kutia mkono mfukoni. Kilichoniokoa si hekima bali ni adhuhuri: muuzaji alifunga duka kwenda kusali, nami nikapata saa moja ya kufikiri.

Katika saa hiyo nilijiuliza swali ambalo baba angalijiuliza mbele ya chombo chochote: kazi ya kitu hiki ni nini? Kazi yake ilikuwa kupokea bei na kuchora mistari. Programu ya MetaTrader 4, wanayoitumia wengi katika biashara ya sarafu, ilitoka mwaka 2005, na kompyuta za zama zile ziliimudu. Kadi kubwa ya picha ni ya michezo na filamu. Mstari wa bei hauihitaji. RAM ya gigabaiti 8 yatosha, na 16 ni raha kwa mwenye kufungua kurasa nyingi kwa pamoja. Kitu kinachoongeza wepesi mwingi kwa fedha kidogo ni diski ya SSD, isiyo na kisahani kinachozunguka. Tena kuna sharti moja ambalo mnunuzi wa mtumba hulisahau: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta rahisi ya kizazi cha sita ni rahisi kwa sababu.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Waya wa kwanza ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, na mambo yalitengenea. Lakini umeme bado hukatika, na mchuuzi aliyekwisha kununua, kisha skrini ikazimika kabla hajauza, ni mfano wa mvuvi aliyekatikiwa na kamba ya nanga. Kwa hivyo niliiacha kompyuta ya mezani, nikataka kompyuta mpakato yenye betri yake, pamoja na laini za simu za mitandao miwili, ili mmoja ukilala mwingine uwe macho.

Muuzaji aliporudi alinikuta nimekwisha kuwa mtu mwingine. Nilinunua ThinkPad ya mtumba ya kizazi cha nane, gigabaiti 8, diski ya SSD, kwa shilingi 650,000, baada ya kujaribu kila kitufe chake, bawaba zake na betri yake. Niliongeza skrini moja kuukuu kwa shilingi 120,000, ili mchoro ukae upande mmoja na hesabu upande wa pili. Nilirudi Mkokotoni na baki ya shilingi 1,030,000, ambayo ndiyo ingekuwa mtaji, nikijiona mshindi.

Walakini mwenye kujifunza jambo moja hufunguliwa mlango wa jambo jingine, apende asipende. Nilitaka kujua kama kompyuta yangu ina haraka ya kutosha, nikasoma juu ya waya uliotandazwa mwaka 2010 na kampuni ya Spread Networks kutoka Chicago hadi New Jersey. Watu walipasua milima ili waya unyooke, na tija yao ilikuwa kuokoa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Sasa tazama hali yangu. Kutoka kisiwani kwetu hadi London ni kama kilomita 7,500. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hivyo agizo langu haliwezi kwenda na kurudi chini ya sehemu 75 za elfu za sekunde, hata njia ikinyooka kama uzi. Kompyuta ya ubavu wa kioo isingalipunguza hata sehemu moja ya safari hiyo. Fedha hununua mashine ya haraka, hainunui ukaribu.

Nilisoma tena. Wataalamu watatu wa Brazili walifuata watu walioanza uchuuzi wa kutwa katika soko moja la nchi yao kati ya mwaka 2013 na 2015. Katika wale waliodumu zaidi ya siku 300 za biashara, asilimia 97 walipata hasara. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo, katika biashara ya mikataba ya kubahatisha bei kwa fedha ya kuazima, hupoteza.

Nilifungua akaunti ya mazoezi, yenye dola 1,000 za maandishi tu, nikafanya uchuuzi miezi mitatu. Soko la New York hufunguliwa kwetu saa kumi na nusu jioni, na nyakati nyingine za mwaka saa kumi na moja na nusu. Kwa hivyo nilitoka kufundisha nikakaa mezani mpaka usiku. Katika daftari niliandika kila hasara na sababu yake. Mwisho wa miezi mitatu zilibaki dola 610. Nilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilikuta pupa, hasira, usingizi, ukaidi, na kutaka kulipiza kisasi kwa soko lisilonijua. Sikukuta mstari hata mmoja ulioandikwa kompyuta. Ile mashine ya mtumba ilifanya kazi yake yote. Mwenye kasoro alikuwa mtu aliyeketi mbele yake.

Ndipo nilipolielewa swali la mama. Mchuuzi wa diko huichukua samaki pwani akaifikisha kwa mwenye njaa shamba, na faida yake ni ujira wa safari hiyo. Mimi sikuwa nikimfikishia mtu chochote. Fedha ambayo ningeipata ingetoka kwa mtu mwingine aliyeketi kama mimi, labda naye amekabidhiwa fungu la mama yake. Na aghalabu yangu ndiyo ingekwenda kwa aliye karibu zaidi na soko na mwenye subira kuliko mimi.

Nilimrudishia mama shilingi 1,030,000. Hakunilaumu. Alinunua jokofu la kugandishia, na sasa yeye na dada zangu huwauzia wachuuzi barafu. Zile 770,000 ni deni langu, nami nalilipa kila mwezi katika mshahara. Kompyuta ninayo, ndiyo inayoweka hesabu za barafu, na ndiyo niliyoandikia maneno haya. Akiniuliza kijana anunue kompyuta gani kwa kazi ile, humtajia bila ya choyo: kizazi cha nane, gigabaiti 8, SSD, betri nzima. Kisha humwambia aweke na daftari pembeni, miezi mitatu kabla ya kutoa senti moja, na amjibu mtu wa nyumbani kwake swali moja: fedha ya nani?