Pijo ya Mjomba

Kwa watu wa rika la mjomba wangu, Pijo 404 ilikuwa gari ya mtu mzima. Daktari alikuwa nayo, meneja wa shamba la mkonge alikuwa nayo, na mfanyabiashara aliyetaka kupita Handeni wakati wa masika bila kulala njiani aliitafuta hiyohiyo.

Sifa hiyo ilitoka kwenye tope. Kila Pasaka watu waliikalia redio kufuatilia Safari Rali, ambayo wakati huo ilikatiza Kenya, Uganda na kwetu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba, na la kwanza kufika lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, kwa 404 vilevile. Shankland alikuwa akiishi Tanzania, kwa hiyo mjomba alimhesabu kuwa wetu na hakutaka kusikia habari za alikozaliwa. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia waliofika mwisho walikuwa saba tu. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita! Baada ya hapo kumsifia mjomba gari jingine ilikuwa kujichosha.

Ya kwake aliinunua mwaka 1974, kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ya mwaka 1968, rangi ya maziwa, na bei yake ilikomba akiba yote pamoja na ng'ombe wawili wa bibi, jambo ambalo bibi hakulisahau hadi anaingia kaburini. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia: ubavu ulionyooka, na nyuma vipembe viwili vimechongoka juu ya taa. Gia iko kwenye usukani. Ukifungua boneti unakuta injini ya cc 1618 imelazwa upande, nyuzi 45, ili boneti lenyewe lisiinuke sana. Mbele kuna tundu la kupitishia hendeli. Siku betri ikilala, mjomba alikunja mikono ya shati, akapiga hendeli, gari likaitika, na sisi watoto tulikuwa tumeshabanana kiti cha nyuma tukisubiri kupelekwa Raskazone kuogelea.

Mjomba alikuwa mchongaji vyuma katika karakana ya reli pale Tanga. Nalitaja hilo mapema kwa sababu bila kazi yake hiyo gari lisingefika hata 1980.

Spea zote zilitoka Mombasa. Alimpa kondakta wa basi pesa na karatasi iliyoandikwa namba ya kipuri, na baada ya siku chache kifurushi kikarudi kimefungwa kamba ya katani. Halafu Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli aliyokuwa anaitumikia ikagawanywa vipandevipande. Mpaka ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Katikati hapo ikapita vita ya Kagera, petroli ikawa ya foleni, na ukafika wakati Jumapili mchana gari la binafsi haliruhusiwi kuonekana barabarani bila kibali. Pijo nyingi za Tanga zilikufa miaka hiyo. Hazikuharibika vibaya, ila kila moja ilikosa kitu kimoja kidogo, ikapandishwa juu ya mawe kungoja kitu hicho, na kitu hakikuja.

Ya mjomba haikupandishwa juu ya mawe. Bushi za mpira zilipokwisha, alikata tairi la lori, akachonga mpira kwa kisu mpaka ukaingia. Platini alizisugua kwa msasa na kuzipima kwa kipande cha boksi la sigara, ambacho unene wake hautofautiani sana na geji ya dukani. Kitasa cha mlango wa abiria kilipovunjika alikichonga kingine cha shaba, na ndicho kilichopo mpaka leo, kizito kuliko vitasa vingine vitatu.

Feni ilimpa kazi zaidi. 404 ilikuja na feni ya kisasa kwa wakati wake: ina sumaku ya umeme, hivyo hujishika injini inapopata moto na kujiachia ikipoa, isile nguvu bure. Kuna kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo. Ilipokwisha, mpya haikupatikana kokote. Mjomba akaikaza feni kwa skrubu ishikane na puli yake moja kwa moja, izunguke muda wote injini inapozunguka. Mvumo wake ulisikika tangu kona ya msikiti, na mkaza mjomba alipousikia alijua ni wakati wa kuteka maji ya kuoga.

Lakini ufundi ninaouheshimu kuliko wote ni wa difu. Difu ya 404 haifanani na ya magari mengi. Ndani yake kuna skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Kiwanda kiliagiza iwekwe oili inayotokana na mbegu za mbarika, kwa sababu oili nyingi za difu zina dawa yenye salfa ambayo taratibu huila shaba. Gereji hazikulijali hilo. Zilimimina oili nzito yoyote iliyokuwepo, na baada ya muda difu ikaanza kulia, halafu ikanyamaza kabisa na gari halitembei tena. Mjomba alikuwa amesoma kitabu cha gari mpaka kimechanika. Oili ya kiwanda ilipokosekana alikwenda soko la Ngamiani kwa akina mama wanaouza mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika hiyohiyo, yaleyale ya kupaka nywele na ya kumnywesha mtoto tumbo likifunga. Akayachemsha kuondoa maji, akayachuja kwa kipande cha kanga, akayaacha kwenye chupa yatulie, ndipo akayamimina. Gari likirudi safari likiwa na moto, nyuma yake kulinukia kama chumba cha mzazi. Gurudumu lile la shaba tulilitoa na kulikagua miaka mingi baadaye. Meno yake yamelika kidogo upande mmoja, basi.

Ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, na nyuma yake zikaja Corolla na Mark II zilizotumika Japani, zenye redio ya kaseti na kipupwe. Mjomba alistaafu, akaifanya Pijo kuwa teksi ya kwenda Pangani, lakini abiria walianza kuchagua. Watoto waliozaliwa wakati huo waliiita mkweche, nasi tuliokuwa Dar tukitafuta maisha hatukuitetea. Mwishowe ikaegeshwa chini ya mwembe. Kuku wakatagia kiti cha nyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakawa wanapita na mizani yao kila wiki, na ninavyofahamu mimi 404 nyingi zilizobaki mkoani ziliondoka kwa njia hiyo, zimekatwakatwa na kuuzwa kwa kilo.

Mjomba alifariki mwaka 2006. Arobaini ilipokwisha, mkaza mjomba aliniita pembeni.

"Baba, lile gari ulichukue. Hawa wa vyuma wananiongezea bei kila wakija, na mimi nina shida."

Nikalichukua. Kwa kweli sikuwa na mpango wowote wa maana, nilitaka tu lisikatwe.

Fundi niliyempata Barabara ya Kumi na Mbili alikuwa mzee wa makamo ya mjomba, aliyewahi kufanya naye kazi reli. Kwa upande mwingine nikajuana kwa simu na bwana mmoja wa Nairobi mwenye 404 mbili zilizotengenezwa upya, zinazong'aa kuliko siku zilipozaliwa. Huyu alinifaa sana. Ndiye aliyenionyesha kwamba Ufaransa bado wapo watu wanaotengeneza mipira ya milango, pistoni na slivu zake, hata vitu vya breki. Vipuri ambavyo mjomba alivikosa mpaka akachonga mwenyewe, mimi niliviagiza nikiwa nimekaa kibarazani, vikafika kwa ndege. Gharama ya kuvisafirisha ilinitoa jasho, lakini vilifika.

Wazee hawa wawili hawakuwahi kuonana, na kila mmoja alinivutia upande wake. Bwana wa Nairobi alikuwa na sheria moja: gari la zamani lirudishwe lilivyotoka kiwandani, basi. Kitasa cha shaba kitoke, feni irudishiwe sumaku yake, mpira wa tairi la lori utupwe. Nami mwanzoni nilikwenda naye. Ukiona picha za magari yake, unatamani.

Kilichonigeuza ni sakafu. Tulipong'oa kapeti upande wa dereva tulikuta bati la pipa la mafuta limebandikwa mahali palipoliwa na kutu. Chumvi ya hewa ya pwani haina huruma na magari ambayo bodi na chesi ni kitu kimoja. Maandishi ya pipa bado yalikuwa yakisomeka, yamegeuzwa chini juu. Bati lenyewe halikuchomelewa. Lilipigwa ribiti kuzunguka pande zote nne, na nafasi kati ya ribiti na ribiti ililingana kabisa, kama wanavyopiga watu wa reli kwenye mabehewa. Fundi alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya mstari ule kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii kazi aliifanya usiku," akasema. "Mchana tulikuwa tunasimamiwa."

Kiraka chenyewe kilikuwa kimeoza pembeni, na sakafu ile tumebadilisha, kwa sababu sitaki mguu wangu utokee barabarani. Lakini tangu hapo nilianza kuuliza swali tofauti juu ya kila kipuri. Kiwandani Sochaux gari lilikaa siku chache tu, likapakiwa kwenye meli. Tanga limekaa zaidi ya miaka thelathini, likitengenezwa na watu wasio na kitu. Sioni kwa nini zile siku chache ziwe ndiyo historia yake, na hii miaka yote iwe uchafu wa kusafishwa. Hivyo breki ni mpya zote, usukani umekaguliwa kila kiungo, injini ina pistoni na slivu mpya. Hapo sina mzaha wala kumbukumbu. Kitasa cha shaba kimebaki. Bushi za tairi la lori zilizokuwa bado nzima zimebaki pia. Kiraka cha pipa nimekitundika gereji, na bwana wa Nairobi nilipomtumia picha yake alikaa kimya siku mbili, kisha akajibu kwa neno moja: "Haya."

Watu nao wamegeuka, tena haraka kuliko gari. Tangu 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na vijana wameanza kuelewa kwamba vitu hivi vinatafutwa huko nje. Wale wale waliokuwa wakicheka mkweche wananiletea wadogo zao wapige picha wameegemea vipembe. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuja kuuliza kama nalikodisha kwa harusi. Nimekubali kwa jamaa wa karibu tu. Siku ya kwanza kumbeba bi harusi, mkaza mjomba alikaa mbele akawa anamwelekeza dereva, ambaye ni mimi, mahali pa kubadili gia. Alikuwa sahihi kila mara.

Mafundi ndio ninaowahofia. Yule mzee ana kijana wa kumsaidia, na kijana huyo anaweza kusoma tatizo la gari la kisasa kwa kompyuta kabla chai haijapoa. Platini ndiyo kwanza ameziona kwangu. Alifundishwa, akashika haraka, sasa anazipima kwa geji halisi na kulicheka boksi la sigara. Mafuta ya nyonyo hakuyaamini mpaka nilipomwonyesha ukurasa wa kitabu. Siku hizi oili inayofaa kwa difu ile naweza kuiagiza, na nimeiagiza. Nyonyo inabaki kuwa ya dharura.

Hoja iliyobaki ni feni. Sumaku na kaboni mpya nilizinunua zamani, bado ziko ndani ya boksi lake. Kila nikimwambia fundi azifunge ananiuliza kama gari limewahi kuchemsha. Halijawahi. "Sasa unatengeneza nini?" ananiuliza. Kijana anataka kuzifunga, ana hamu ya kuona sumaku inavyonasa, na ninahisi siku mzee akisafiri atazifunga. Mzee analijua hilo pia. Mara ya mwisho aliliinua lile boksi, akaliweka rafu ya juu kabisa nyuma ya makopo ya rangi, akanigeukia.

"Kama una pesa, katafute tairi. Saizi ya kumi na tano, nyembamba, kama za Volkswagen ya zamani. Hizi za mbele hazina maisha, na Ijumaa una harusi."