Karatasi za Bobi

Mbwa anayetoka Njombe kwenda Ujerumani huianza safari miezi minne kabla ya kupanda ndege. Wengi hulijua hilo tiketi ikiwa imeshakatwa. Sisi tulibahatika kwa sababu binti yangu, aliyeolewa huko, aliniuliza kwenye simu mapema sana, likizo yake ikiwa bado mbali: "Baba, hivi Bobi naye anaweza kuja?" Bobi ni mbwa wake wa kienyeji, mwekundu kama udongo wa kwetu, aliyekulia uani akilinda kuku. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja nikamuulize daktari wa mifugo."

Daktari alianza na chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi, chenye namba ya tarakimu 15. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata baada ya hapo. Bobi alikuwa ameshachanjwa kwenye kampeni ya kata na cheti tunacho, lakini Umoja wa Ulaya hauihesabu chanjo iliyoitangulia chipu, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyeandikwa kwenye karatasi ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Akachanjwa upya. Baada ya chanjo husubiriwa siku 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa, kupima kama kinga imefika angalau nusu yuniti ya kimataifa kwa kila mililita. Ikifika, inahesabiwa miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Hakuna pesa wala kujuana kunakoifupisha miezi hiyo.

Jirani yangu aliposikia, alikasirika. Mbwa mmoja tu, mateso yote hayo? Ametukosea nini? Nilimwelewa, maana sisi tumezoea kuombwa karatasi na watu wanaotushuku. Lakini hasira hiyo haimfai mtu anayeujua ugonjwa wenyewe. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote, na mbwa akaonekana mzima, anakula, anatikisa mkia. Ile miezi mitatu imewekwa ili kama aliambukizwa kabla ya chanjo, ijulikane angali nyumbani. Tanzania nayo humdai mbwa anayeingia kibali na cheti cha chanjo. Na Ujerumani haikuupata usalama wake bure: ilitangazwa mwaka 2008 kuwa haina tena kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu, baada ya miaka mingi ya kuwatupia mbweha wa porini chambo chenye chanjo. Aliyefagia uwanja wake kwa jasho ana haki ya kuuliza miguu ya mgeni imetoka wapi.

Anayedhani hayo ni mambo ya Wazungu na aitazame Pemba. Kampeni za chanjo ziliufikisha ugonjwa huo mwisho kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi, waliona kwamba ulikuwa umeingia upya kutoka Tanzania Bara, yaani ulivuka bahari. Kirusi hakiogelei, aliyekivusha ni mnyama aliyesafirishwa na watu. Ikabidi kuchanja tena mpaka ukatoweka, ilipofika 2018. Kwa hiyo yule ofisa wa uwanja wa ndege wa Frankfurt anayesoma chipu ya Bobi anauliza swali ambalo kama mtu mmoja angeliuliza gatini Pemba, watu wangesalimika.

Karatasi zilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Iliyobaki ilimhusu Bobi mwenyewe. Mbwa huyu alikuwa hajawahi kufungiwa maishani mwake, na ndege ingemtaka akae ndani ya kizimba saa nyingi. Kilipofika kutoka Dar es Salaam, kikubwa cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala, tulikiweka uani bila mlango. Tukatandika blanketi ndani, tukawa tunamwekea chakula humo. Hatukumsukuma. Alizunguka, akanusa, akaingiza kichwa, akatoka. Siku aliyolala humo kwa hiari yake mvua ikinyesha, nilijua kwamba tutafika. Ndipo tukarudisha mlango: ukafungwa kwa muda wa kula tu, baadaye ukawa unafungwa hata usiku.

Kisha tukaanza kumpeleka Makambako. Ni kiasi cha kilomita 60 tu, lakini kwa mbwa aliyelelewa kwenye baridi na ukimya wa Njombe, pale ni nchi nyingine. Barabara ya Songea inakutana na ile kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana na usiku, na TAZARA ina stesheni yake pale. Mara ya kwanza alitetemeka mpaka nikamwonea huruma. Tuliegesha mbali na stendi, tukakaa naye, tukarudi. Safari nyingine tukasogea karibu kidogo. Kuna mtu alinishauri nimpe dawa ya usingizi siku ya ndege, na daktari akaikataa palepale: dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha pumzi, na huko juu hakuna wa kumwangalia. Asiyezoezwa hawezi kuzoezwa kwa sindano siku ya mwisho.

Hapo ndipo nilipowafikiria watoto wetu. Kijana wa huku akipata chuo cha mbali tunamfungia maharage, tunamnunulia begi, wazee wanamwombea, asubuhi anapandishwa basi. Mizigo tunaipanga kwa uangalifu mkubwa. Upweke wa miezi ya kwanza hatumzoezi, wala hatumwambii kwamba upo. Natamani mtoto naye apewe mlango unaofungwa kidogo kidogo.

Binti yangu alikuja kama ilivyopangwa, kwa sababu mwenye mbwa hutakiwa kusafiri naye au kwa tofauti isiyozidi siku tano, na cheti cha afya hudumu siku 10 tu kabla ya kuingia Ulaya. Wakaondoka. Bobi yuko salama.

Kinachonisumbua ni waliobaki. Pale Makambako, kwenye vibanda vya mama ntilie yanapolala malori, kuna mbwa wanaoishi kwa makombo, hawana chipu wala cheti. Utingo akimpenda mtoto wa mbwa, humpakia kwenye kabini na kesho yuko mkoa mwingine, bila kuulizwa na mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha akimbilie chanjo hospitali siku hiyohiyo. Na ili ugonjwa uishiwe njia, yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Tuliyomfanyia Bobi kwa sababu nchi ya mbali ilituuliza, tunadaiwa na mbwa hawa ambao hakuna anayetuuliza habari zao.

Chipu kwa kila mbwa wa mtaa hatuiwezi, lakini daftari tunaliweza. Nimeanzia nyumbani Njombe: nimeongea na mwenyekiti wa mtaa wetu na ofisa mifugo wa kata, na tumekubaliana kila mbwa aandikwe: rangi, jinsia, alama, nyumba anakokula, tarehe ya chanjo. Napita jioni, nabisha hodi, nasalimu "Kamwene," nakaribishwa, naandika. Jirani yule aliyekasirika ana mbwa watatu, na ndio waliofungua ukurasa wa kwanza. Mbwa wasio na nyumba nao nimewatengea kurasa zao. Chanjo ikija, mtu wa kuwakamata tunaye.